SOMO LA FAMILIA: Timu ya Nyumbani, Tukiitazama kutoka Mbali

Masomo: Mithali 25:25, Nehemia 1:1-4

Mara nyingi akina mama hutuuliza kama ni halali kwa baba na vijana kukaa kwenye kibanda cha video hadi usiku kwa ajili ya mpira. Swali hilo linastahili somo zima.

Tuanze na Nehemia. Alikuwa Shushani, mnyweshaji wa mfalme, kazi anayo na chakula anacho. Hata hivyo Hanani na wenzake walipofika kutoka Yuda, aliwauliza habari za watu waliobaki na za mji. Aliye ugenini huuliza habari za kwao, na mwandishi wa Mithali anajua jinsi habari njema ya mbali inavyomburudisha mtu mwenye kiu. Kwa hiyo hatuoni dhambi katika kiu yenyewe.

Siku hizi habari huja kwa dishi. Setilaiti inayotuletea picha iko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, nayo huzunguka pamoja na dunia, ndiyo maana dishi likishafungwa halihitaji kugeuzwa. Picha hupanda na kushuka safari yote hiyo kwa muda wa kama robo ya sekunde, kisha king'amuzi nacho huchelewesha kidogo. Ndiyo sababu jirani mwenye redio anaweza kupiga kelele za goli kabla yetu sisi tuliolipa kiingilio! Mvua kubwa huzuia mawimbi, na karibu na mwezi wa 3 na wa 9 jua hupita nyuma ya setilaiti, picha ikapotea dakika chache mchana. Mwenye kibanda asilaumiwe kwa hilo.

Sasa tukumbuke mwaka 2010. TP Mazembe ya Lubumbashi, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini, ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Iliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0. Tarehe 14 Desemba ikaifunga Internacional ya Brazili 2-0, kwa magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani kama desturi yake. Haikuwahi kutokea timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali hiyo. Jumamosi ya tarehe 18, Inter Milan wakatushinda 3-0. Tunasema "wakatushinda" ingawa wengi wetu ni watu wa Fizi na Uvira na hatujawahi kukanyaga Lubumbashi. Mtu akiwa mbali, nyumbani kwake hupanuka.

TP, kwa Kifaransa, ni Tout Puissant, yaani Mwenye uwezo wote. Tunaona ni jina kubwa mno kwa wachezaji kumi na mmoja, na Inter walilijibu kwa mabao matatu, lakini hatutagombana na shabiki yeyote kwa ajili yake.

Jambo jingine la kuangalia ni nani waliovaa jezi hiyo. Mwaka 2015 Mazembe ilichukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano, ikiishinda USM Alger ya Algeria, na magoli muhimu yalifungwa na Mbwana Samatta, Mtanzania. Kalaba alikuwa Mzambia. Wageni waliibeba timu ya kwetu, na Lubumbashi ikawapenda kama wana wake. Watanzania, majirani zetu hapa, walishangilia timu ya Kongo kwa sababu ya mtoto wao. Wakati huo hakuna aliyeuliza nani mkimbizi na nani mwenyeji.

Lakini kuna mambo ya kusema wazi. Mchezo wa pili wa fainali hiyo ya 2015 ulichezwa Jumapili, tarehe 8 Novemba. Ibada ya asubuhi na mpira wa alasiri havigongani. Kinachogongana ni baba aliyekesha Jumamosi kwa mechi za Ulaya asiamke. Tena kuna unga na maharage ya mgao yanayouzwa ili kulipa kiingilio, na sasa kuna mikeka ya kubeti. Mume anayeuza mafuta ya watoto ili aone Arsenal hana la kujitetea mbele ya mkewe. Redio haina kiingilio.

Zito zaidi kwetu ni hili: kamera huonyesha kile ilichoelekezwa. Tukiona uwanja wa Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, umejaa watu wanaoimba, ni rahisi kusema, "Kongo imetulia, turudi." Au kinyume chake, tukaridhika na dakika tisini tukasahau kuuliza habari za bibi aliyebaki kijijini. Hanani hakumletea Nehemia habari tamu peke yake. Alimwambia kuta zimebomoka na malango yameteketezwa. Kutoka Lubumbashi mpaka Fizi ni mbali sana, na amani ya mji mmoja si amani ya mlima mwingine. Anayetaka kuamua juu ya kurudi asikilize wale waliofika huko juzi, na wale waliokimbia tena.

Kwa watoto waliozaliwa hapa, mpira unaweza kuwa mlango. Mtoto anayejua jina la kila mchezaji hajui mto wa kwao unaitwaje. Mzazi, mkirudi kutoka kibandani, chora chini kwa kijiti: hapa Ziwa Tanganyika, hapa Uvira, hapa Baraka, kule chini kabisa karibu na Zambia, Lubumbashi. Kisha mwonyeshe nyumba yenu ilipokuwa, na umtajie majirani mliokuwa nao, pamoja na wale wa kabila jingine.

Katika jumuiya za nyumba kwa nyumba juma hili, kila familia ijadili: tangu mechi ya mwisho tuliyoitazama, ni ndugu yupi aliyebaki nyumbani ambaye tumeuliza habari zake, na tulimwuliza nani?