Kupima Uzazi Kabla ya Kutafuta Mtoto

Wachumba wanaomaliza mafundisho ya ndoa mara nyingi hubaki na swali wanaloona haya kuliuliza: je, tukapime kwanza kama tunaweza kupata mtoto? Wengine wamekwisha funga ndoa, mke aliwahi kuambiwa ana "bakteria kwenye kizazi", na tangu hapo hana amani. Swali hili humfikia paroko mara nyingi kabla ya daktari, kwa hiyo frateri naye alifahamu.

Kwanza, kukutwa na bakteria si lazima uwe ugonjwa. Uke wenye afya una bakteria wake wanaoulinda. Kujisafisha ndani kwa sabuni huwadhuru walinzi hao. UTI, inayotajwa kila mahali siku hizi, ni maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa kawaida haizibi mirija ya uzazi. Wanaojulikana zaidi kwa kuiharibu ni vimelea vya klamidia na kisonono. Mwanamke anaweza kukaa navyo bila kuhisi lolote, huku vikipanda hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Dawa huua vimelea lakini haifuti kovu, ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Kifua kikuu nacho huweza kuziba mirija.

Kwa hiyo kupima maambukizi kabla ya kutafuta mimba ni jambo la busara, pamoja na damu kwa ajili ya kaswende na VVU, vinavyoweza kumfikia mtoto tumboni. Klamidia ikionekana, hutibiwa wote wawili kwa wakati mmoja, nao hujizuia na tendo la ndoa mpaka muda aliousema daktari uishe. Akitibiwa mke peke yake, anaweza kuambukizwa upya.

Vipimo vya uzazi wenyewe ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu bila mafanikio. Mke mwenye miaka 35 au zaidi hushauriwa asingoje zaidi ya miezi sita. Ambao hawajaanza hawana haja ya kumaliza akiba hospitalini, isipokuwa kama kuna dalili: hedhi isiyoeleweka, maumivu ya nyonga ya muda mrefu, au mume aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa korodani.

Na mume apimwe mapema. Huku kwetu mke huzungushwa hospitali miaka mitatu kabla mume hajatoa sampuli moja, ilhali kipimo chake ni rahisi na hakiumi. Hapa waamini hukwama, na wana sababu: mwaka 1929 Vatikani ilijibu kwamba kujichua si halali hata kwa ajili ya kupima mbegu. Wanateolojia wengi wa maadili wanakubali njia nyingine: mume na mke wafanye tendo la ndoa wakitumia mfuko maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, uliotobolewa tundu dogo ili tendo lisifungiwe uzazi. Kinachobaki mfukoni hupelekwa maabara ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Kondomu ya kawaida haifai, kwani nyingi hudhuru mbegu. Daktari aelezwe mapema. Majibu yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, kwani mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa kali huzipunguza.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya majibu. Klamidia ikionekana, nyumba nyingi huanza kesi: nani kaileta? Kipimo hakiwezi kujibu. Vimelea hivyo huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, pengine tangu kabla ya wawili hao kufahamiana. Mchungaji atakayeombwa kuamua kesi hiyo kwa karatasi ya maabara awaambie hivyo waziwazi, kisha awahimize wote wawili wamalize dawa.