Bawa Zito: Jinsi ya Kunyoosha Ndege Ndogo ya Zamani

Nimepewa ukurasa wa sayansi mwaka huu, na kwa kuwa usanisinuru mmeusoma mpaka mkachoka, nitawaletea somo nililolipata barazani kwa mjomba wangu, hapa hapa Kaloleni. Mjomba alikuwa fundi wa ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kabla ya kustaafu.

Mji wetu na ndege ni marafiki wa siku nyingi. Mwaka wa 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kuleta Kisumu ndege za kutua majini. Lakini hizo zilikuwa majitu. Yetu ya leo ni ndogo: Piper Super Cub, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka wa 1949. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na mabawa yake yamevikwa kitambaa. Ndege za aina hii zimepiga doria Tsavo kwa miaka mingi.

Basi siku moja rubani alitua na kushuka huku akisugua mkono wake wa kulia. "Mzee, ndege yako inavuta kushoto," akamwambia mjomba. Yaani akiachilia usukani tu, bawa la kushoto linashuka. Huu ndio ugonjwa wa bawa zito.

Je, ni jambo dogo? La! Kuchoka mkono ni sehemu tu ya shida. Ikiwa mabawa hayakupindwa sawasawa, ndege ikienda polepole mno bawa moja hupoteza nguvu ya kuinua kabla ya lenzake. Ndege huangukia upande huo, na ikiwa karibu na ardhi, hakuna nafasi ya kuinyoosha tena.

Kijana mmoja pale karakana akakimbilia spana. Mjomba akamzuia. "Mafuta mmepima?" Ebu tazameni: kila bawa lina tangi la lita 68 hivi. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72. Tangi moja likijaa na jingine liwe tupu, tofauti ni karibu kilo 50. Hiyo ni sawa na kumkalisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza juu ya bawa! Mvuvi wa Dunga mashua yake ikilala upande hachukui randa. Kwanza husogeza mizigo.

Matangi yakasawazishwa. Bado inavuta. Wakaangalia kijipira kilicho ndani ya kioo kilichopinda mbele ya rubani. Kisipokaa katikati, ndege inaenda kimshazari, na hapo bawa linaweza kuonekana zito kumbe kosa ni la usukani wa mkia. Kijipira kilikaa katikati. Eleroni, vile vibawa vidogo vya nyuma ya bawa, navyo vilikuwa sawa usukani ulipowekwa katikati.

Hapo ndipo zamu ya nguzo ilipofika. Kila bawa linashikiliwa na nguzo mbili za mshazari kutoka chini ya kiwiliwili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Nguzo ya nyuma ina uma wenye meno ya skrubu. Ukiufungua kidogo, nguzo inarefuka, ukingo wa nyuma wa bawa unapanda, na ncha ya bawa inainua kidogo kuliko awali. Ukiukaza, mambo yanakuwa kinyume.

Mimi nikauliza, "Kwa hivyo mlifupisha ya kushoto ili bawa zito liinue zaidi?" Mjomba akacheka. Walirefusha ya kulia, lile bawa jepesi. Sababu yake ni hii: ncha iliyolazwa kidogo huchelewa kupoteza nguvu ndege inapopunguza mwendo, na eleroni ziko huko huko karibu na ncha. Afadhali kumpunguzia mwenye nguvu kuliko kumlazimisha mnyonge.

Bawa lilitegemezwa kwanza, ndipo bolti ikatolewa. Wakazungusha mzunguko mmoja tu, wakapima kwa pimamaji. Kuna kiasi cha meno ambacho lazima kibaki ndani, na kitabu cha ndege hukitaja. Ukipita hapo, uma unaweza kuachia na bawa likang'oka angani. Hata kutu yaweza kuleta hayo. Mwaka wa 1993 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru nguzo na uma za Piper zikaguliwe kutu na nyufa.

Mjomba akatia sahihi, rubani akaruka. Aliporudi alisema imepungua, haijaisha. Wakaongeza nusu mzunguko. Safari ya pili alishuka ameshika ganda la ndizi. Alikuwa ameimenya huko juu, kwa mikono yote miwili.