SOMO LA MWEZI: Dawa ya Kweli, Dawa Bandia, na Alama ya Redio



Somo la mwezi huu linaanzia kwenye kituo cha basi cha Kimironko, mjini Kigali. Wale waliopata ruhusa ya kusafiri na kwenda kusalimia ndugu zao huko wanakijua vizuri. Ukipanda basi unagusisha kadi ya Tap&Go kwenye mashine, inalia, nauli imekwisha kukatwa. Kadi ile haina betri. Ndani yake kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa. Mashine inatoa mawimbi ya redio, mawimbi hayo yanaiamsha chipu, nayo inajibu kwa namba yake. Hakuna kadi nyingine yenye namba hiyo.

Sasa tuseme alama ya namna hiyo imebandikwa kwenye kopo la dawa. Inasomwa kiwandani, inasomwa tena bandarini Mombasa au Dar es Salaam, mpakani, katika ghala la Kigali na mwisho hospitalini, bila kufungua hata sanduku. Kila mara namba inaandikwa kwenye kompyuta. Kama kiwanda hakiijui namba hiyo, au kama namba moja inaonekana mahali pawili kwa siku moja, basi kuna mdanganyifu njiani. Sisi tunaojua kuweka kidole kwenye mashine siku ya msaada hatuhitaji maelezo marefu: mtu mmoja hawezi kuhesabiwa mara mbili.

Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilihimiza viwanda kutumia alama hizi za redio. Shida zikaonekana upesi. Alama ina bei, mashine ya kusoma ina bei kubwa zaidi, na mawimbi yanasumbuliwa na maji na chuma, kwa hiyo chupa ya dawa ya maji au kopo la bati huleta taabu. Nchi nyingi zikachagua alama ya mraba yenye vidoti inayochapwa kwenye pakiti kwa wino tu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya imekuwa lazima kwa dawa nyingi za kuandikiwa na daktari tangu tarehe 9 Februari 2019. Kazi ni ileile: kila pakiti na namba yake.

Je, mambo haya yanatuhusu sisi?

Wenye asili ya Kongo mashariki wasikilize habari ya Ituri. Kuanzia Desemba 2014 hadi Agosti 2015, watu wapatao 1,000, wengi wao watoto, walifikishwa katika vituo vya afya huko shingo zimepinda, uso umekaza, ulimi unatoka nje. Watu walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo, ule unaoua haraka. Waganga walipopima hawakuuona. Ndipo maabara ikachunguza vidonge walivyokuwa wamekunywa wagonjwa. Viliitwa diazepam, dawa ya kutuliza degedege na wasiwasi. Ndani yake hapakuwa na diazepam. Palikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa makali ya akili, ambayo kwa kipimo kikubwa hukaza misuli hivyo, hasa kwa mtoto. Watu 11 walikufa.

Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walipewa kidonge, wakamnywesha mtoto.

Je, alama ya redio ingewaokoa? Jibu la kweli ni nusu ndiyo, nusu hapana. Vidonge kama hivyo husafiri katika kopo kubwa lenye vidonge 1,000. Alama inalichunga kopo, haikichungi kidonge. Kopo likifunguliwa na vidonge kumi vikahesabiwa katika kibahasha cha karatasi, alama imebaki kwenye kopo, na mgonjwa hana la kusoma. Kipande hicho cha mwisho cha njia, kutoka kwenye kopo mpaka mdomoni, hakuna mashine inayokifuata. Ni chako wewe.

Kwa hiyo mkimtuma ndugu aliyeko Kimironko awanunulie dawa, mwambieni mambo haya. Aende katika famasi yenye kibali ukutani. Asinunue kwa mtu mwenye mfuko begani, hata kama bei ni nusu. Soko ni zuri kwa vitenge na maharagwe, lakini dawa iliyokaa juani wiki nzima huharibika hata kama ilikuwa ya kweli. Aombe pakiti yake yenyewe, isiyofunguliwa. Kama lazima vihesabiwe kutoka kwenye kopo, aombe waandike kwenye kibahasha jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Namba ya toleo ni zile herufi na tarakimu ndogo ambazo watu wengi huziruka. Dawa mbaya ikigundulika, Rwanda FDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, hutangaza kwa namba hiyo. Usipokuwa nayo, tangazo halikusaidii.

Neno moja kwa wale wanaosema “dawa hii ni ya bei nafuu, basi ni bandia”. Si kweli. Dawa ileile inaweza kutengenezwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa majina na rangi tofauti. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2008 ya kupinga bidhaa bandia iliandikwa kwa namna iliyochanganya mambo hayo mawili. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliipeleka mahakamani, na tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu ikawapa haki. Kwa hiyo usiache vidonge vyako vya kila siku kwa sababu mwezi huu vimekuja vya rangi nyingine. Vilete kwanza kituoni tuviangalie.

Vilete pia ukiona maandishi yenye makosa, kidonge kinachomung'unyika, harufu isiyo ya kawaida, au homa ya malaria isiyoshuka ingawa umemaliza dawa zote. Njoo na kibahasha na vidonge vilivyobaki, usivitupe chooni. Bila hivyo maabara haina cha kupima. Hatutakuuliza kwa ukali ulivinunua wapi.

Na mtoto akinywa kidonge kisha shingo ikapinda, taya likakaza au ulimi ukatoka, usimwongezee kidonge kingine hata kimoja. Mlete saa hiyohiyo, hata usiku, pamoja na kidonge chenyewe. Tatizo hilo lina dawa yake, na mganga akijua mtoto alikunywa nini atajua upesi pa kuanzia.