Majani ya Mama na Tembe Zake

Mdogo wangu wa Riruta, barua yako nimeisoma. Mama ana kisukari, na tangu jirani amletee unga wa majani kutoka Kawangware, tembe zake za metformin hazigusi. Unauliza: majani yana nguvu kweli?

Mengine yanayo. Mama akila ugali, kimeng'enya kiitwacho amilesi, kilichomo kwenye mate na kwenye majimaji ya kongosho, huukatakata wanga. Kingine, alfa-glukosidesi, humalizia kazi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba hadi ipatikane glukosi inayoingia kwenye damu. Iko mimea yenye kemikali zinazovizuia vimeng'enya hivi, kama majani ya mforosadi, na vikizuiwa sukari hupanda polepole baada ya mlo. Hata metformin, ingawa hufanya kazi zaidi kwenye ini, chimbuko lake ni mmea wa galega. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari mwaka 1957.

Lakini shika hili, mpenzi: kuzuia kimeng'enya ndani ya chupa ya maabara si sawa na kumtibu mtu. Kutoka galega hadi tembe, watu walipima kiasi kinachofaa na kinachodhuru. Tembe ya mama ina miligramu zilizoandikwa. Kijiko cha ule unga nani amekipima?

Sasa fanya hivi. Usimgombeze. Muulize kwa upole kwa nini aliacha tembe. Metformin huwafanya wengine waharishe, na mara nyingi kuimeza pamoja na chakula hupunguza shida hiyo. Kama tatizo ni pesa, ni vyema ulijue pia.

Kisha mpeleke kliniki wiki hii, hata pale Kituo cha Afya cha Riruta, na huo unga mwende nao. Daktari aambiwe yote. Ombeni kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita.

Asichanganye unga na dawa kabla ya kumwona daktari, hasa kama anadungwa insulini, maana sukari inaweza kushuka mno. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho au anachanganyikiwa, mpime sukari. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, mpe glukosi au maji ya sukari papo hapo. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Mama anatafuta nafuu, mdogo wangu. Msaidie aipate mahali inapopimwa.