Macho makavu: Picha ya ukope hufichua chanzo

Karani mmoja alinijia akilalamika kwamba macho yanamwasha kana kwamba yametiwa mchanga, na kila jioni yanatiririka machozi. Nilipomwambia kuwa macho yake ni makavu, alicheka. "Daktari, makavu vipi nami nalia mchana kutwa?"

Jibu limo ndani ya ukope. Humo mna tezi ndogo za mafuta zilizopangwa wima kama meno ya kitana: 25 hadi 40 katika ukope wa juu, na 20 hadi 30 katika wa chini. Daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka wa 1666. Kila tunapopepesa, mafuta hayo hutandaa juu ya machozi ili yasikauke upesi. Tezi zikiziba, machozi hukauka, jicho huwashwa, nalo hujitetea kwa kumwaga maji mengi yasiyodumu.

Tezi hizi zaweza kupigwa picha. Ukope hupinduliwa kidogo na kumulikwa kwa miali ya infraredi, ambayo macho hayaioni. Mwaka wa 2008, watafiti wa Japani walieleza njia ya kupiga picha hiyo bila chombo kugusa ukope. Haiumi, na huchukua dakika chache.

Tezi nzima huonekana kama mistari myeupe. Zilizokufa huacha pengo jeusi. Daktari hutoa alama: 0 ikiwa hakuna pengo, 1 likiwa chini ya thuluthi moja, 2 likiwa kati ya thuluthi moja na mbili, na 3 likizidi hapo.

Hata hivyo, picha pekee haitoshi. Tezi yaweza kuonekana nzima kumbe imeziba. Kwa hivyo daktari pia hubonyeza ukope aone mafuta yanavyotoka, na kuhesabu machozi yanakauka baada ya sekunde ngapi.

Usichelewe, kwa kuwa tezi iliyokufa kwa kawaida hairudi. Weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha kanda ukope polepole kuelekea kwenye kope. Ukiwa mbele ya kompyuta au simu, kumbuka kupepesa.

Zaidi ya yote, usijinunulie matone ya macho kiholela. Yenye steroidi, yakitumiwa muda mrefu, yaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha shinikizo la jicho hadi upofu. Mwone mtaalamu wa macho kwanza.