Kiatu cha Kwanza: Pima Mguu Kabla ya Kwenda Sokoni

Mtoto akisimama dede, nyumba nzima hupiga makofi. Bibi anamwita upande huu, shangazi anamnyooshea mikono upande ule, na kabla hatua ya tatu haijatimia mtu ameshauliza, "Viatu vyake viko wapi?" Nimelisikia swali hilo Kashai mjini Bukoba, nimelisikia Kamachumu kule Muleba, na kwa mwanangu wa kwanza nililiuliza mwenyewe. Nilimnunulia raba nyekundu wiki ileile aliyoanza kutembea, namba mbili zaidi ya mguu wake, ili akue nazo. Mtoto aliyekuwa anakatiza sebule bila kushika kitu akaanza kuburuza miguu. Siku ya tatu alijikwaa kwenye ngazi ya baraza akapasuka mdomo. Nilimvua zile raba, na jioni hiyohiyo akatembea peku kama alivyokuwa kabla ya kuzivaa.

Tusikimbizane na umri. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi 5, zikiwamo Ghana na Oman, na matokeo yake ya mwaka 2006 yanaonyesha kuwa mtoto huanza kutembea bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Wa jirani akitembea na miezi 10 na wako akaanza na miezi 15, wote wako ndani ya mstari. Hakuna kiatu kinachomharakisha mtoto kutembea, hata muuzaji aseme nini.

Ushike mguu wa mtoto wa mwaka mmoja, uubonyeze kidogo. Ni mnene, mpana kwenye vidole, umejaa mafuta chini, na sehemu kubwa ya ndani yake bado ni gegedu ambalo halijawa mfupa. Ndiyo maana kiatu kinachobana mara nyingi hakimlizi mtoto: mguu unafuata umbo la kiatu kimyakimya. Unyayo wake ni bapa, na huo si ugonjwa. Uvungu wa unyayo hujitokeza polepole, kwa wengi mpaka wanapokaribia miaka 6, na kinachousaidia ni kukanyaga, kung'ang'ania sakafu kwa vidole, kupanda na kushuka. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa watoto 2300. Kati ya waliozoea viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Kati ya waliotembea peku, asilimia 2.8. Kwa hiyo ndani ya nyumba, kwenye mkeka au sakafu iliyofagiliwa, mwache mtoto peku bila kuona aibu mbele ya wageni.

Nje ni habari nyingine. Hapa kwetu, kuanzia Bukoba mjini hadi vijiji vya Muleba, nje kuna maadui wawili wanaopokezana misimu. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, na kibanja chetu, migomba imefunika juu na matandazo yamelowa chini, ni mahali pazuri kwa ndizi na pazuri pia kwa minyoo ya safura pale ambapo watu hujisaidia ovyo. Mabuu yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, hupenya ngozi ya mguu mtupu, na minyoo ikishafika tumboni hunyonya damu. Mtoto anapauka, anachoka, hachezi. Dawa ya minyoo inayotolewa pamoja na vitamini A mwezi wa Juni na wa Desemba, kwa watoto kuanzia mwaka mmoja, usiikose. Lakini dawa haizuii mabuu mengine kuingia kesho yake. Choo na kiatu ndivyo vinavyozuia.

Kiangazi kikiingia, udongo ukigeuka vumbi, zamu ni ya funza. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Alishuka na meli iliyotoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akalikata bara, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika Zanzibar. Jike huingia chini ya ngozi, hasa pembeni mwa kucha na kwenye kisigino, akavimba mpaka kufikia punje ya njegere, na mayai yake hudondoka vumbini kuanza upya. Niseme wazi: kiatu peke yake hakimalizi funza. Mwenye sakafu ya udongo anyunyize maji kabla ya kufagia, na kila jioni mguu wa mtoto uoshwe kwa sabuni na kukaguliwa kidole kwa kidole. Pini iliyotoa funza kwa mtoto mmoja isimguse mwingine, maana hiyo ndiyo njia ya pepopunda na ya maradhi yanayoambukizwa kwa damu.

Tunamvisha mtoto kiatu ili kulinda ngozi yake anapotoka nje, na kila unachokagua sokoni kianzie hapo.

Kabla ya sokoni, tafuta boksi tupu, la sabuni au la biskuti. Subiri jioni, kwa sababu mguu hutanuka kidogo baada ya kutwa nzima ya kukanyaga. Msimamishe mtoto juu ya boksi, uzito wote chini. Mguu wa mtoto aliyepakatwa hudanganya. Mtu mwingine amshike mikono na kumwonyesha kitu cha kumtuliza. Wewe shika penseli wima, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, kisha weka alama pande mbili pale mguu ulipo mpana. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja humzidi mwenzake, na mrefu ndio wa kununulia. Chukua rula. Tuseme umepata sentimita 12. Ongeza sentimita 1 ya kuchezea vidole. Kata kutoka kwenye boksi ukanda mwembamba wa sentimita 13, andika juu yake upana wa mguu na tarehe ya leo, uuweke kwenye pochi.

Ukanda huo una kazi kubwa kuliko namba zilizogongwa chini ya soli. Namba 20 ya Ulaya na namba 4 ya Uingereza ni karibu kiatu kilekile, na sokoni Bukoba utazikuta zimelala turubai moja na viatu vya Kichina vyenye hesabu yake nyingine. Muuzaji atakwambia, "Dada, chukua hii, mtoto wa mwaka anavaa hii." Mjibu kwa upole, "Asante kaka, ngoja nipime kwanza," kisha ingiza ukanda ndani ya kiatu mpaka uguse ukuta wa kisigino. Ukijikunja, kiatu ni kidogo. Ukibakiza zaidi ya nusu sentimita, ni kikubwa. Kama mtoto yupo, usitegemee kumbonyeza vidole juu ya kiatu, maana akiguswa huvikunja. Afadhali utoe soli ya ndani kama inatoka, umsimamishe juu yake, uone kwa macho nafasi iliyobaki mbele na kama nyama ya mguu inamwagika pembeni.

Mkono nao una kazi yake. Shika kisigino cha kiatu kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kunja. Kiatu kizuri hupinda pale vidole vinapoanzia, bila kutumia nguvu. Kikipinda katikati kama gazeti, au kikikataa kupinda, kirudishe. Kisigino kiwe sawa na mbele, bila kuinuliwa. Soli iwe na mistari ya kushika tope, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza, lakini isiwe nene kiasi cha mtoto kutohisi anachokanyaga. Mbele pawe papana. Kiatu kilichochongoka ni cha picha. Pia kiwe na kitu kinachokishikilia juu ya mgongo wa mguu, kamba au ule mkanda wa kunata unaolia ukibanduliwa. Mtoto aliyevaa ndala au kiatu cha kutumbukiza hukunja vidole ili kisimtoke, na mwendo wake huharibika hapohapo.

Yeboyebo nazo? Zinaoshwa haraka na zinakauka haraka, na kwa mvua zetu hilo ni jambo la maana. Za kwenda chooni au bombani zinafaa, mradi mkanda wa nyuma uko kisiginoni wala haujatupwa mbele. Za kushinda nazo kutwa, hapana, maana mguu hutokwa jasho ndani na plastiki huchubua. Viatu vinavyolia kila hatua mimi sivishauri, kwa kuwa mtoto huanza kukanyaga kwa kishindo ili kusikia mlio. Na chochote chenye shanga au kipepeo cha kugandishwa kitang'olewa na kutiwa mdomoni kabla ya jua kuzama.

Wazazi wengi huniuliza kama mitumba ni mibaya. Tofauti ya bei kwa mzazi mwenye watoto watatu si ndogo, na jibu langu ni kwamba mitumba ya umri huu inafaa kuliko ya umri mwingine wowote, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja huvaa kiatu miezi michache tu na kukiacha bado kizima. Kiatu laini cha ngozi kutoka kwenye balo hunishawishi kuliko kipya cha plastiki ngumu chenye harufu kali ya gundi. Ila kikague. Kiweke juu ya meza: kikiegemea upande, mwenyewe wa kwanza amekwisha kukipindisha, na mguu wa mwanao utafuata mkondo huo. Ingiza vidole ndani, sikilizia kama kuna shimo la vidole vya mtu mwingine au msumari. Kinuse. Ukikinunua, kioshe kwa sabuni na kukianika juani siku nzima kabla hakijavaliwa. Soksi nunua mpya. Za mitumba zimo kwenye orodha ya nguo zilizopigwa marufuku na Shirika la Viwango, TBS.

Walioko visiwani, Goziba, Bumbire na Ikuza, wana shida yao: ndoano na miiba ya samaki vimetapakaa mwaloni, na kiatu cha mtoto huagizwa kwa mtu anayevuka ziwa. Kwao soli iwe imara zaidi kidogo, na ukanda wa boksi ndio utakaosafiri na mjumbe.

Kiatu kikishapatikana, kazi inaendelea. Mguu wa umri huu hurefuka kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo nusu ya ile sentimita uliyoongeza huliwa ndani ya miezi mitatu au minne. Kila baada ya wiki 6 hadi 8 toa boksi, pima upya. Kila unapomvua, tazama ngozi: alama nyekundu kisiginoni au juu ya kidole kidogo isiyoondoka baada ya dakika chache maana yake kiatu kinauma, hata kama mtoto anacheka. Mzazi anayeuza kahawa Julai na kununua siku hiyohiyo viatu vya Krismasi ili hela isipotee, namwelewa sana, lakini Krismasi itakuwa na mguu wake. Nunua vya leo. Vikilowa, vijaze karatasi za gazeti, badilisha karatasi zikinywa maji, vikauke kwenye upepo mbali na jiko. Moto hukausha ngozi ikapasuka, na kiatu kinachovaliwa kibichi huleta fangasi kati ya vidole.

Yapo mambo ambayo hakuna kiatu cha sokoni kinachoyaponya. Matege mepesi ya miguu yote miwili kabla ya miaka 2 kwa kawaida hunyooka yenyewe. Lakini mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, mtoto akichechemea, akitembea kwa ncha za vidole siku zote, au akifikisha miezi 18 bila kutembea, mpeleke kliniki. Aliyezaliwa na mguu uliogeukia ndani asisubiri kabisa mpaka wakati wa kutembea: kwa njia ya matibabu iitwayo Ponseti hufungwa plasta kila wiki tangu akiwa mchanga, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, na mguu hunyooka. Anzia zahanati ya kijijini ili upewe rufaa; Muleba kuna hospitali za Rubya na Ndolage, na Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa.

Na wewe uliyeko Mwanza au Dar es Salaam, unayejiandaa kuja nyumbani Desemba na zawadi ya mjukuu au mtoto wa dada uliyemwona mara ya mwisho siku ya ubatizo: kabla hujanunua, piga simu. Usiulize ana umri gani. Mwombe mama yake amsimamishe kwenye boksi jioni hiyo, na akutajie sentimita.