KUMCHAGULIA MWANA SKULI YA SEKONDARI

Katika darsa letu, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja alisimama akauliza suala ambalo twaona si lake peke yake. Mwanawe amemaliza darasa la 9, na nduguye aliye na duka Nyeri amemletea khabari kwamba karibu na kwake pana akademia nzuri, ina basi, ina bweni na ina lango la kupendeza. Basi amlete mtoto akasome huko. "Je," akasema mzee huyo, "nimpeleke au nisimpeleke?" Hatukumjibu ndiyo wala la. Tulimwambia: na tuitafute mizani kwanza, kisha ndipo tupime.

Ndugu wasomaji, sisi watu wa pwani tuna kisa kirefu na jambo hili la skuli. Wengi katika wazee wetu waliziepuka skuli za wamisheni kwa kuichelea dini ya watoto wao, na kuchelea huko hakukuwa upuuzi. Lakini aghalabu yao hawakujenga badali yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwazindua watu wake kwamba kukaa nyuma katika elimu si njia ya kuihifadhi dini. Miaka hiyo hiyo, chini ya Mlima Kenya, Nyeri High ilikuwa imekwisha kufunguliwa (1924) na Kagumo ikafuata (1933). Waliotangulia wametangulia, na hapana faida ya kuwahusudu.

Leo tumeingia katika kosa la pili. Wazee wetu walikataa bila ya kuchunguza; sisi twakubali bila ya kuchunguza. Mtu anunuapo mbuzi humtazama meno, humshika mgongo, akauliza bei mara tatu. Lakini mtoto wake humtoa kwa kuona tangazo lililobandikwa ukutani! Basi yafuatayo ndiyo mambo ambayo twaona kila mzazi hana budi kuyauliza.

La kwanza ni usajili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yataka kila skuli, ya serikali na ya mtu binafsi, iwe imesajiliwa. Na sheria ya Tume ya Walimu ya mwaka 2012 yataka kila mwalimu awe amesajiliwa na Tume, hata akiwa anafundisha katika akademia. Mzazi aombe kuonyeshwa cheti cha skuli, na aulize walimu wa hesabu na sayansi ni wangapi, na wamekaa hapo miaka mingapi. Skuli ambayo walimu wake huja na kuondoka kila muhula, mtoto husoma mwanzo wa kitabu mara nyingi, asifike mwisho.

La pili ni uhai wa mtoto, nalo twaliomba lisomwe kwa utulivu. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliwaka katika bweni la Hillside Endarasha Academy, huko Kieni katika Kaunti ya Nyeri. Wavulana zaidi ya 150 walikuwa wakilala humo, na 21 walikufa. Wala tusidhani kwamba msiba huu ni wa bara tu. Mwezi wa Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 waliteketea katika skuli ya Bombolulu, Kwale, hapa petu. Madirisha ya bweni yalikuwa na vyuma na mlango mmoja umefungwa. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos.

Baada ya misiba kama hiyo, Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama mwaka 2008. Kanuni zake si fumbo. Bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Mlango uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Baina ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupita iwe ya mita 2. Haya hayataki mhandisi. Mzee mwenye kamba ya kupimia na macho mawili ayaweza. Na tuulize pia: usiku ufunguo huwa kwa nani, na mlinzi hulala wapi? Skuli ikikataa kumwonyesha mzazi bweni, kukataa huko ni jawabu tosha.

La tatu ni matokeo ya mitihani, na hapa wengi hudanganyika kwa hesabu. Tuchukue mfano. Skuli moja ilikuwa na watahiniwa 10, na 8 kati yao wakapata C+, ambayo ndiyo daraja ya kuingilia chuo kikuu. Itatangaza kwamba imefaulisha 80 katika 100. Skuli ya pili ilikuwa na watahiniwa 200, wakapita 120. Hiyo ni 60 katika 100. Ipi bora? Usijibu bado. Uliza kwanza waliingia wangapi Kidato cha 1. Ikiwa ile ya kwanza ilianza na wanafunzi 25, basi 15 wamekwenda wapi? Ikiwa waliambiwa watafute pengine kabla ya mtihani ili wasiharibu sifa, basi waliofaulu ni 8 katika 25, yaani 32 katika 100. Na ile ya pili ikiwa ilianza na 205, yake ni zaidi ya 58 katika 100. Ajabu ni kwamba mtoto wako huenda akawa mmoja wa wale 15.

La nne ni masomo yenyewe. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa mfumo mpya wameanza kuingia darasa la 10, nao huchagua njia moja katika tatu: sayansi, ufundi na hesabu, au masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Si kila skuli ina njia zote. Mtoto apendaye utabibu, akipelekwa penye maabara ya jina tu, iliyo na meza na haina vifaa, amekwisha kufungiwa mlango kabla hajaufikia. Mzazi aingie maabarani, atazame kama chupa zina dawa au zina vumbi. Na mtoto mwenyewe aulizwe, kwani atakayesoma ni yeye.

La tano ni dini. Hili nalo tusilitie chumvi wala tusilidharau. Katiba, katika kifungu cha 32, yampa kila mtu haki ya kuabudu. Lakini haki iliyoandikwa yataka kuulizwa itatendwa vipi. Miji ya Mlima Kenya ina fundisho letu hapa. Khabari ya hijabu katika skuli moja ya Isiolo, iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodisti, ilipelekwa Mahakama Kuu ya Meru, ambayo mwaka 2015 iliamua dhidi ya hijabu. Mahakama ya Rufani iliyokaa Nyeri ikatengua hukumu hiyo mwezi wa Septemba 2016. Kisha Mahakama ya Juu, tarehe 24 Januari 2019, ikaiondoa hukumu ya Nyeri kwa kuwa dai halikuletwa kwa utaratibu wa sheria, jaji mmoja akikhalifu wenzake. Kwa hivyo mwenye binti asitegemee kwamba mahakama imekwisha kummalizia kazi. Na aulize kabla ya kulipa, apewe jawabu kwa maandishi: hijabu, sala tano, ruhusa ya Ijumaa, futari na daku katika Ramadhani, na chakula cha halali. Tumewasikia wakuu wa skuli wasio Waislamu waliojibu kwa insafu wakatenga hata chumba cha kusalia. Na Nyeri mjini wamo Waislamu tangu zamani wa kuulizwa. Kinachotudhuru aghalabu ni kunyamaza kwetu mwanzo, kisha kulalamika mwisho.

La sita ni mali na umbali. Skuli ya serikali ya kutwa mwanafunzi wake amekadiriwa na serikali shilingi 22,244 kwa mwaka. Akademia hazimo katika fungu hilo, karo yote ni juu ya mzazi. Ongeza nauli ya zaidi ya kilomita 600 kutoka Mombasa, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na nguo za baridi ya Nyeri, ambayo mwezi wa Julai si mchezo kwa mtoto wa pwani. Anayeanza kwa fakhari akashindwa katikati humtia mtoto aibu ya kufukuzwa kwa deni, na masomo hukatika.

Sasa, mambo haya sita hayana uzito mmoja. Usajili, usalama na dini ni masharti; yaliyobaki ni ya kulinganishwa. Alama nyingi katika mtihani haziwezi kufidia bweni lenye vyuma dirishani, kama vile sala haifidiwi na sadaka. Skuli ikianguka katika sharti moja, usiendelee kupima. Zikibaki mbili zilizotimiza masharti, ndipo uangalie matokeo, masomo na karo, na iliyo karibu itangulizwe.

Yule mzee tulimjibu hivi: mwandikie nduguyo aende yeye mwenyewe, siku ambayo hawakumtazamia, apime milango, aulize waliotoka na si walioandikwa kwenye tangazo. Na wewe uizuru skuli ya kutwa iliyo hapa mtaani kwako, ambayo hujawahi kuingia hata siku moja. Aliinamisha kichwa, akasema ni kweli, hajaingia.

Wangapi katika sisi tumeingia? Watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona kabla ya majuto. Amin.